RAM ya Debora Kabla Basi Halijaondoka

Mimi nauza kahawa nyuma ya stendi ya Kilosa, pale ambapo ukuta wa godauni la zamani unatoa kivuli mpaka saa tano. Benchi ni langu, birika ni langu, vikombe ni vyangu, ila maneno yote ni ya wateja, na wanayaacha hapo hapo kama maganda ya karanga. Wapo watatu ambao hata mvua inyeshe huwakosi. Wa kwanza ni mzee Yeremia, tunamwita Stesheni. Alifanya kazi reli miaka thelathini, akastaafu, lakini kichwani bado yuko kazini. Wa pili ni Budeba, Msukuma mwenye mashamba kule Mvumi, tunamwita Maksai kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi tatu bila kumtaja ng'ombe wa kulimia. Wa tatu ni Mathias, anajaza watu nyimbo kwenye simu, na jina la Giga amejipa mwenyewe. Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi wakaongezewa wa nne, Laurent, fundi wa mashine za kusaga, ambaye mji mzima unamwita Beringi. Alikuja na begi la safari, akakaa, akafunua kitambaa, akaweka juu ya sinia langu kipande chembamba cha kijani, kirefu kuliko kidole, kina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja.

Beringi: Wazee, basi la Morogoro linatoka saa nne. Nisaidieni niandike ninunue ipi.

Giga: Oya, hiyo si RAM? Umeipata wapi?

Beringi: Nimeitoa kwenye kompyuta ya mpwa wangu Debora.

Debora ana duka la steshenari upande wa pili wa reli. Miaka mitatu amekuwa akitoa kopi na kupiga picha za pasipoti, mpaka mwezi uliopita kwaya ya Kidete ikampa kazi ya kuhariri video ya albamu yao. Kazi kubwa ya kwanza maishani mwake. Uzinduzi ni Jumapili, mgeni rasmi ameshaalikwa, maturubai yameshakodiwa. Tatizo ni kwamba kompyuta yake ikifika dakika ya kumi na moja inaganda, mwimbaji kiongozi anabaki kaachama kwenye kioo mpaka mtu azime umeme. Kwaya walishamwambia kabisa: asipomaliza, kazi inapelekwa Morogoro. Na binti wa steshenari akishanyang'anywa kazi na kwaya, Kilosa nzima itajua kabla ya chakula cha mchana.

Beringi: Aliniambia, "Mjomba, ukienda Morogoro naomba unisaidie kununua RAM." Leo asubuhi nimepita dukani, mlango umeegeshwa, mwenyewe kaenda kutafuta karatasi. Nikashika bisibisi, nikafungua ubavu, nikatoa sampuli. Miaka ishirini ya ufundi, mimi sijawahi kuingia duka la vipuri mikono mitupu.

Hapo hata mimi nilitikisa kichwa kwa kumkubali. Kila mtu hapa anamkumbuka yule mwenye mashine wa Kisanga aliyekwenda Morogoro kununua mkanda kwa kukadiria kwa mikono, akarudi na mkanda wa kuzungushia nyumba. Mtu mwenye akili anafungua kilichoharibika, anakifunga kwenye kitambaa, anakwenda nacho. Nikamimina kahawa nne. Nikavuta ndoo nikakaa.

Giga: Leta nisome. Hapa imeandikwa GB nne. Nne! Ndiyo maana inazingua. Simu yangu mimi ina sitini na nne.

Stesheni: Kwa hiyo kisimu chako kimeishinda kompyuta ile kubwa kama sanduku la bibi harusi?

Giga: Mara kumi na sita, mzee.

Stesheni: Basi Debora apewe simu yako, tumalize.

Giga: Siyo hivyo, mzee wangu. Zile sitini na nne ni za kuhifadhi. RAM ni pale inapofanyia kazi.

Mimi: Yaani kama sinia langu. Vikombe nyumbani ninavyo arobaini, lakini sinia linabeba sita. Wakija wateja kumi, wanne wananitukana.

Giga: Mama Joha, wewe ungekuwa Mikumi ungekuwa tajiri. Hivyo hivyo!

Lazima niseme ukweli, nilifurahi. Tangu hapo sikuwa tena muuza kahawa, nilikuwa mtaalamu.

Beringi: Sasa sinia la Debora liwe la vikombe vingapi?

Giga: Sikilizeni. Mimi nimekaa Mikumi miaka miwili najaza nyimbo kwenye flashi za madereva wa malori, kwa hiyo mambo haya nimeyaona. Kuna mwana mmoja pale ana kompyuta ya GB mia moja ishirini na nane. Akiiwasha, taa za nyumba tatu zinafifia.

Maksai: Anafanyia nini?

Giga: Anacheza karata.

Maksai: Na dakika ya kumi na moja inapita?

Giga: Inapita kabla hajakaa.

Beringi akatoa kalamu, akachana ganda la boksi la kashata, akaandika 128 kwa tarakimu kubwa. Mzee Stesheni akamshika mkono.

Stesheni: Ngoja. Unaanza na ukubwa wakati aina hujaijua. Mathias, imeandikwa nini tena hapo?

Giga: DDR3.

Stesheni: Ehee! Tatu hiyo ni kipimo cha reli.

Giga: Mzee, tafadhali.

Stesheni: Nyamaza nikufundishe. Hapa Kilosa tuna reli mbili. Ile ya zamani nyembamba, na hii ya kisasa pana. Behewa la reli ya zamani unaweza kulipandisha kwenye reli ya kisasa?

Maksai: Litaanguka.

Stesheni: Litaanguka! DDR3 ni reli ya mkoloni. DDR4 ni ya kisasa. Ukinunua nne ukaileta kwenye tatu haiingii, hata umtume mkuu wa stesheni aisukume.

Giga: Na DDR5?

Stesheni: Hiyo bado haijajengwa.

Giga: Ipo, mzee. Watu wanaitumia.

Stesheni: Imefika Kilosa?

Giga: Kilosa bado.

Stesheni: Basi haijajengwa.

Nilimwona Giga anavyotafuta kosa kwenye maneno ya mzee asilipate. Kwa kweli mzee alikuwa amesema jambo. Shida ya mzee Stesheni ni kwamba akishasema jambo hasimami, anaendelea mpaka mwisho wa reli.

Stesheni: Na tena zinunuliwe tatu. Mbili za kuvuta, moja ya breki.

Beringi: Breki?

Stesheni: Kwani inaganda kwa nini? Inakwenda kasi, inafika dakika ya kumi na moja, pale kuna kona, haina breki, inakufa. Mimi nimeshuhudia mabehewa yanafanya hivyo hivyo Kidete.

Giga: Kwenye video hakuna kona!

Stesheni: Umeiona hiyo video?

Giga: Sijaiona.

Stesheni: Basi usiisemee.

Beringi akaandika: tatu, moja breki. Kipande chenyewe kikamfikia Maksai. Budeba ni mtu mpole, hana haraka, na jembe lake la ng'ombe linalima mashamba ya nusu ya Mvumi. Alikigeuza kipande taratibu, akakipima uzito kiganjani, kisha akakisogeza karibu na macho akaanza kupitisha ukucha kwenye yale meno ya dhahabu, moja moja, midomo ikitikisika.

Mimi: Budeba, unafanya nini?

Maksai: Usinipotezee hesabu. Sitini na nane, sitini na tisa...

Tukamsubiri. Mwamba huyu alihesabu meno ya upande mzima, akanywa kahawa, akageuza upande wa pili akahesabu tena. Basi likapiga honi ya kwanza.

Maksai: Mia moja na ishirini huku, mia moja na ishirini huku. Hakuna lililong'oka, hakuna lililolika. Huyu bado kijana. Kwa nini mnamuuza?

Giga: Oya, RAM haina umri wa meno!

Maksai: Mdogo wangu, wewe umewahi kununua ng'ombe?

Giga: Hapana.

Maksai: Inaonekana. Mnyama mwenye meno yote hivi huwezi kumtupa. Amechoka kwa sababu analima peke yake. Mtafutieni mwenzake.

Beringi: Mwenzake mkubwa au mdogo?

Maksai: Wa kulingana. Ukifunga nira moja maksai mkubwa na mdogo, jembe linakwenda kando na wewe unakwenda nalo. Kama huyu ni wa nne, mletee wa nne. Kabila moja, umbo moja, na kama inawezekana, zizi moja.

Stesheni: Na wa breki?

Maksai: Maksai hana breki. Ana mtu wa mbele.

Giga: Mnaniua. Jamani, mnaniua.

Maksai: Halafu wasifungwe siku hiyo hiyo. Walale pamoja kwanza wazoeane. Nilifunga wawili siku niliyowanunua, mmoja akamkokota mwenzake mpaka mtoni, na jembe, na mimi.

Beringi: Nitawafunga kitambaa kimoja wakati wa kurudi. Kutoka Morogoro mpaka hapa si wanazoeana?

Maksai: Barabara ikiwa mbovu ndiyo vizuri zaidi.

Hapa ndipo mzee Stesheni alipoinuka kuchukua kashata, kiwiko chake kikagusa kikombe, na tone la kahawa likaruka likatua juu ya kipande cha Debora. Wote tukapiga kelele. Nikakinyakua, nikakipangusa na upindo wa kanga yangu, nikakipuliza kama mtoto aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Giga: Umeua RAM ya watu, mzee!

Beringi: Tone moja haliui kitu. Kwanza nilitaka kuwaambia, hii imekauka mno. Nilipoitoa ilikwaruza. Inahitaji grisi kidogo kwenye meno.

Giga: Grisi?

Beringi: Ninayo hapa kwenye begi. Kidogo tu. Na hiyo mpya kama haitaingia, kuna pengo hapa katikati, nitalipanua na tupa.

Giga: Mjomba Beringi, nakuomba kwa jina la Mungu, funga begi.

Beringi: Kijana, mashine zote ni moja. Kinachoganda kina joto, chenye joto kina msuguano, chenye msuguano kinataka grisi.

Mimi: Jamani, saa tatu na dakika arobaini na tano. Andikeni kitu aende. Mimi nasema kumi na sita.

Stesheni: Kwa nini kumi na sita?

Sikujua kwa nini. Namba ilinijia ikakaa vizuri mdomoni.

Mimi: Kwa sababu nne ni ndogo, na mia moja ishirini na nane italeta ugomvi na majirani.

Walikubali! Mzee Stesheni aliniambia hiyo ndiyo busara ya mwanamke, na mimi nikajivuna. Wakaanza kugawana kumi na sita. Giga anataka nane mbili. Maksai anataka nne nne, jozi mbili, wawe wanapokezana asubuhi na jioni. Mzee Stesheni anakubali kumi na sita iwapo breki haihesabiwi ndani yake. Lile ganda la boksi likajaa mpaka pembeni: RAM pacha, DDR3 reli ya zamani, jumla 16, umri sawa, na moja nyuma kwa ajili ya kusimamisha. Giga akalisoma kwa sauti, Beringi akaridhika, akalikunja. Maksai alikuwa bado ameshika sampuli kiganjani, anamuaga polepole kama mtu anayeagana na mnyama wake mnadani.

Ndipo ikasimama bodaboda, akashuka dada mmoja amejaa vumbi la njia nzima ya Kidete, ana mkoba begani.

Dada: Shikamooni.

Sisi: Marahaba, mwanangu.

Dada: Naitwa Agnesi, katibu wa kwaya kule Kidete. Samahani, basi la Morogoro limeshaondoka?

Mimi: Bado dakika kumi. Kaa upumzike. Unakwenda kutembea?

Agnesi: Ningeenda kutembea ningeoga. Nakwenda kutafuta mtu wa kutumalizia video yetu. Nimetoka kwa Debora sasa hivi, amenirudishia flashi. Kompyuta yake imekufa.

Beringi: Inaganda tu hiyo. Dakika ya kumi na moja.

Agnesi: Siyo kuganda, baba. Imekufa. Ametoka kununua karatasi, amerudi, anawasha, kioo cheusi. Inalia pii, pii, pii. Na yeye mwenyewe analia. Nimemkuta amekaa chini nyuma ya kaunta.

Maksai alikuwa na kiganja wazi, na Agnesi akakiangalia.

Agnesi: Hicho ni nini?

Saa nzima tulikuwa tunaeleza kitu hicho. Tulikuwa na reli yake, meno yake, grisi yake na zizi lake. Sasa mtu anauliza jina tu, na wanaume wanne wanatazama unga wa kashata kwenye sinia.

Giga: RAM.

Agnesi: Ya nani?

Giga: Ya... ya kompyuta fulani.

Beringi: Ni sampuli. Mimi ni mjomba wake Debora. Huwezi kwenda dukani bila sampuli.

Agnesi: Sasa mmeitoa yote, hiyo kompyuta iwake na nini?

Beringi akaanza kukunja kile kitambaa chake. Mashine ya kusaga ukiitoa beringi unaiacha imezimwa, unamwambia mwenye mashine, anawaambia akina mama wenye madebe ya mahindi warudi kesho. Hilo la kumwambia mwenye mashine ndilo lililomtoka. Niliona uso wake unavyobadilika, nikamhurumia, ila si sana.

Agnesi: Na Debora aliagiza nini hasa?

Beringi: RAM. Alisema mengine ataniandikia meseji.

Agnesi: Akaandika?

Beringi: Ilifika meseji, ndiyo. Miwani yangu imevunjika. Nikasema wazee wapo.

Agnesi akanyoosha mkono. Beringi akatoa kisimu chake cha tochi, akampa kwa mikono miwili. Dada yule akabonyeza bonyeza, akasoma kwa sauti ya katibu anayesoma kumbukumbu za kikao.

Agnesi: "Shikamoo mjomba. Naomba RAM moja tu ya DDR3, GB 8, ya kompyuta ya mezani, siyo ya laptop. Nafasi moja iko wazi, hii ya 4 inabaki. Tafadhali usije ukaifungua kompyuta, kazi ya kwaya bado iko ndani. Asante sana mjomba." Imeingia Jumanne.

Stesheni: DDR3. Si nilisema?

Maksai: Na huyu anabaki. Nilisema bado kijana.

Giga: Nane nilisema mimi, nane mbili, hata mojawapo ni...

Agnesi: Nani anairudisha?

Ungewaona. Mzee Stesheni akatazama saa, akakumbuka kuna treni ya mizigo, lazima mtu aione ikipita. Maksai akaweka kipande juu ya sinia kwa upole mkubwa, akasema ng'ombe hawajanywa maji. Giga akapokea simu ambayo hatukuisikia ikiita. Basi likapiga honi ya mwisho. Agnesi akaandika maneno ya meseji kwenye kipande cha karatasi safi, akampa Beringi, na fundi wa miaka ishirini akapanda basi bila sampuli, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Tukabaki wanawake wawili na birika. Nikafunga kile kipande kwenye upindo wa kanga, tukavuka reli. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwasema wale wanaume. Nilikuwa nayo mengi na mazuri, na yote yalianza na "wao".

Debora alikuwa ameshainuka, anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Macho mekundu. Nilipofungua kanga, hakupiga kelele. Alichukua kifutio cha penseli, akaanza kusugua yale meno ya dhahabu taratibu, upande huu, kisha upande huu. Akakirudisha mahali pake, akabana huku na huku, pakalia tak, tak. Akabonyeza. Kioo kikawaka, na kwaya ya Kidete ikatokea pale na magauni yao ya bluu. Agnesi akatoa flashi kwenye mkoba akairudisha juu ya kaunta.

Debora: Mjomba kasafiri?

Mimi: Kasafiri. Ana karatasi yenye maneno yako. Jioni utakuwa na nane yako.

Debora: Mama, mlikaa nayo pale tangu saa tatu?

Mimi: Tangu saa tatu.

Debora: Mnajadili ninunuliwe ipi?

Mimi: Ndiyo, mwanangu.

Debora: Na mimi nipo hapa hapa, kuvuka reli tu. Kwa nini hamkuniuliza?

Lile neno "wao" nililokuja nalo likanikauka mdomoni. Mimi ndiye niliyesema kumi na sita. Niliona aibu, aibu ya kweli, na nilitaka kufanya kitu chochote cha kumfariji mtoto wa watu.

Mimi: Pole, Debora. Kaa hapo, nakuletea kahawa ya moto, ya bure.

Debora: Asante, mama. Ila mimi kahawa situmii.

Miaka mitatu namwona kila siku. Na hilo nalo sikuwahi kumuuliza.